Mtoto kaandika "kama" badala ya IF, kapewa mbili juu ya kumi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua si habari ya bei ya mchele wala ya boti kuchelewa, ni habari ya kompyuta, ila imenikera wiki nzima na nahisi wazee wenzangu wenye watoto vyuoni watanielewa.

Mtoto wa kaka yangu anasoma kompyuta kwenye chuo kimoja, sitokitaja maana sina nia ya kumuumbua mtu. Ijumaa iliyopita baada ya sala kaja nyumbani na karatasi yake ya mtihani kaikunja mara nne kama hirizi. "Ami, hebu tizama hii, mie nimekosa nini hapa?" Swali lilikuwa jepesi, andika sudokodi ya kutafuta namba iliyo kubwa kuliko zote kwenye orodha. Mtoto kaandika hivi, nanakili kama ilivyo:

kubwa ni namba ya mwanzo kwenye orodha
kwa kila namba iliyobaki
    kama namba hiyo imezidi kubwa
        kubwa sasa ni namba hiyo
toa kubwa

Pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ni insha, si sudokodi." Mbili juu ya kumi, na hizo mbili nahisi ni za huruma.

Kwa wasiokuwa wa fani hii, sudokodi ni yale maneno unayoyapanga kwenye karatasi kabla hujaandika programu yenyewe, hatua kwa hatua, kwa lugha ya watu, ili wewe na mwenzako mujue kazi itakwendaje. Kila mwalimu akifika hapa anatoa mfano wa kupika chai, chemsha maji, tia majani, tia sukari, na mie huo mfano siupendi hata kidogo na nitasema kwa nini huko mbele.

Sasa mtoto kaja na karatasi ya mwenzake pia, yule alopata tisa. Ile ukiitizama kwa mbali kweli inapendeza, kizungu kitupu, herufi kubwa, inaanza SET max = 0 (yaani kubwa ni sifuri), halafu FOR (kwa kila), halafu IF (kama), ENDIF (mwisho wa kama) ipo mahala pake, ENDFOR ipo mahala pake, mwisho PRINT max (onesha kubwa). Mwalimu kaweka alama ya vema kila mstari. Nikaisoma mara mbili. Halafu nikaenda kuchukua daftari la duka langu.

Mie nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta na kuuza vitu vidogo vidogo, na kuna wiki moja mwaka jana, umeme unakatika kila siku, nilipata hasara siku zote sita. Naandika hasara kwa alama ya kutoa: -3000, -500, -12000, -7000, -4500, -2000. Nikamwambia mtoto haya, ipitishe orodha hii kwenye sudokodi ya mwenzako. Anaanza na 0. Je -3000 imezidi 0? Haijazidi. -500? Haijazidi. Kaenda mpaka mwisho, hakuna hata moja iliyozidi, ikaandika 0. Yaani sudokodi ya alama tisa inanambia siku yangu bora ya wiki ile sikupata wala sikukosa, na siku hiyo haimo kwenye daftari! Nikamwambia sasa pitisha kwenye yako. Akaanza na -3000, akakutana na -500 akaishika, akamaliza, jibu -500. Sahihi kabisa, siku ile nilipoteza mia tano tu na nakumbuka nilifurahi.

Kwa hiyo mwalimu kahesabu ENDIF na kosa lenyewe la hesabu limempita mbele ya macho, manake lilikuwa limevaa suti.

Ila nisije nikaonekana namtetea mtoto kwa sababu ni damu yangu, nikaona tufanye jaribio la haki. Pale kibandani wanakuja vijana kupiga soga na kutumia intaneti, watatu wao wanajua kuandika programu. Nikawapa karatasi ya mtoto bila ya jina, kila mmoja peke yake, nikawaambia igeuze iwe programu kwa lugha unayoitaka na usinulize kitu. Mmoja kaandika kwa Python, mmoja kwa JavaScript, wa tatu kwa Java maana ndo anayosomea. Wawili wa mwanzo wakapata -500. Wa tatu programu yake ikakubali bila kulalamika, ila haikuandika kitu chochote kwenye skrini, kimya, na orodha ikabaki na namba tano badala ya sita. Nikamuuliza bwana wee umefanya nini? Akanambia si imeandikwa "toa kubwa"? Basi nimeitoa.

Nilicheka mpaka machozi lakini kijana kasema kweli. Kwa Kiswahili chetu toa ni kuleta nje watu waone, na toa ni kuondoa, na kwa mtoto wa skuli toa ni ile hesabu ya sita toa mbili. Neno moja njia tatu. Hapo mtoto wangu kakosea na alama hiyo alistahiki kukatwa, angeandika "onesha" asingetuletea fujo. Na yule wa Java baadae kauliza suala jengine la maana zaidi, na orodha ikiwa tupu je, namba ya mwanzo ni ipi? Hakuna. Programu inakwama. Hilo nalo mtoto hakuliandika. Kwa hiyo mimi ningempa saba, labda nane nikiwa nimeshakula, na ningemuandikia hizo nyengine kazipotezea wapi. Neno insha lisingetoka kwenye kalamu yangu.

Maana hili la insha ndo lililonikera khasa. Hilo neno algorithimu, yaani hatua za kufuata mpaka upate jibu, wanalofundishwa kila siku limetokana na jina la mtu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9 kwenye Baytul Hikma. Kile kitabu chake cha al-jabr, ndo kilichozaa neno aljebra, hakina x wala y, hakina alama ya kujumlisha, hata namba zenyewe kaziandika kwa maneno. Kuna suala lake maarufu, mali na mizizi kumi ikijumlishwa ni thalathini na tisa, mali ngapi hiyo? (Mali kwake ni mzizi uliozidishwa kwa wenyewe.) Anajibu kwa kukwambia: igawe mizizi nusu, unapata tano, izidishe kwa yenyewe ni ishirini na tano, jumlisha na ile thalathini na tisa ni sitini na nne, chukua mzizi wake ni nane, punguza ile nusu ya mizizi yaani tano, inabaki tatu, huo ndo mzizi, na mali ni tisa. Maneno matupu, hakuna hata ENDIF. Lakini mpe kijana yeyote wa kibandani kwangu atakuandikia programu kwa dakika kumi, na ukibadilisha hiyo kumi na hiyo thalathini na tisa hatua ni zile zile. Sasa kama kuandika kwa maneno ya kawaida ni insha basi huyo mzee naye, ambaye jina lake ndo jina la somo, kwenye chuo hicho angepewa mbili juu ya kumi.

Kitabu chenyewe sehemu yake kubwa ni masuala ya wasia na mirathi, na hapo Mhariri niruhusu nisimulie jambo lilonitokea mwenyewe, maana ndo lilonifundisha sudokodi ni nini kuliko darasa lolote.

Miaka kama miwili nyuma jamaa yangu aliniomba nimtengenezee kijiprogramu cha kugawia mirathi, cha kumsaidia hesabu tu, si cha kumpiku Kadhi. Nikakaa nikaandika kwanza kwenye karatasi, kwa Kiswahili, maana mambo hayo mimi kwa kizungu siyajui hata majina yake:

ondoa gharama za maziko na madeni
ondoa wasia, usizidi thuluthi ya kilichobaki
kinachobaki sasa kiite tirka
kwa kila mrithi mwenye fungu
    mpe fungu lake kutoka kwenye tirka
kikibaki kitu wape asaba

Asaba ni jamaa wanaochukua kinachobaki baada ya wenye mafungu. Nikaipeleka Wete kwa mzee mmoja anaesomesha faraidhi, yaani elimu ya mirathi, kompyuta hajaigusa maisha yake, simu yenyewe ya vidude. Kaweka miwani, kaisoma kwa sauti na kidole, mstari mmoja mmoja. Alipofika mwisho kanyamaza. Halafu kanambia, "Haya mwanangu. Kafa mwanamke, hana mtoto, hana wazee, kaacha mume na dada zake wawili wa baba mmoja mama mmoja. Tirka yake milioni 42. Fuata karatasi yako."

Nikafuata. Mume nusu, milioni 21. Dada wawili thuluthi mbili, milioni 28. Nikajumlisha, milioni 49.

"Hizo saba utazitoa mfukoni kwako?"

Wallahi nilitota jasho. Mimi niliandika "kikibaki kitu", sikuandika kisipotosha. Mzee akanifahamisha kwamba hiyo inaitwa aul, mafungu yakizidi mali basi kila mmoja anapunguziwa kwa uwiano, hapa mali ilikuwa igawiwe mafungu sita, lakini mume ana tatu na dada wana nne, kwa hiyo sita inakuwa saba, mume anachukua tatu katika saba na dada nne katika saba, kwa hiyo mume milioni 18 na dada milioni 24, na ukijumlisha unarudi kwenye 42 yako. Akasema jambo hilo linasimuliwa tokea zama za Sayyidna Umar, wewe leo na kompyuta yako umelisahau. Halafu kabla sijaondoka kaniuliza, "Na kikibaki kitu na asaba hakuna?" Hilo nalo sikuwa nalo. Nikarudi nyumbani na mistari minne mipya.

Sasa fikiria Mhariri, lau karatasi ile ningeiandika IF, ELSE, ENDIF, WHILE, mzee angeisoma vipi? Angenirejeshea kwa adabu akaniambia Mungu akubariki mwanangu kazi nzuri, na programu yangu ingekuwa inagawa shilingi milioni saba za hewa. Mwenye elimu ya jambo ndo anaweza kuona shimo, na mwenye elimu ya mirathi, au ya kupima karafuu, au ya kuhesabu maji kujaa na kupwa, mara nyingi hajui kizungu cha kompyuta na wala hana haja nacho. Sudokodi ni mahala pekee ambapo yeye na mwandika programu wanaweza kukaa mkeka mmoja.

Kwa hiyo kipi kinahisabiwa sudokodi na kipi hakihisabiwi? Kipimo changu mimi ni hiki: mpe mtu ambae hakuwepo ulipoandika, awe na fani kidogo, aweze kuigeuza iwe programu kwa lugha yoyote bila ya kurudi kukuuliza suala ambalo jibu lake litabadilisha matokeo. Akirudi kukuuliza "nitumie lupu gani", yaani njia gani ya kurudia hatua, hilo halina tabu, hiyo ni kazi yake. Akirudi kukuuliza "wakilingana wawili nimchukue nani" basi hujamaliza kuandika. Ndo maana ule mfano wa chai siupendi, "tia sukari kiasi" si hatua, kiasi cha nani? Bibi yangu alikuwa na mkate wa kumimina hapana mfano wake Pemba nzima, maelezo yake yalikuwa "uwache uumuke mpaka uwe", na mpaka leo watu wa nyumbani hatujaupata ule mkate. Hiyo ni siri ya jikoni, si sudokodi.

Na upande wa pili kuna wale wanaochukua programu yao ya lugha ya C wakafuta nukta-mkato zote na mabano, int i inabaki, i++ inabaki, halafu wanaiita sudokodi. Hiyo ni programu iliyovuliwa nguo. Asiyejua C haielewi, anaejua C angependelea ile yenye nguo.

Kuna watu wanasema jambo jepesi, sudokodi ni ile isiyokubali kwenye mashine, basi. Mie naona hicho kipimo kinateleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Marekani, mtaalamu wa kompyuta Grace Hopper na wenzake walipokuwa wanatengeneza kompaila za mwanzo, yaani programu za kugeuza maagizo ya mtu kuwa ya mashine, neno lenyewe sudokodi lilitumika kwa maagizo mafupi ambayo mashine ilikuwa inapewa khasa, halafu programu nyengine inayageuza kuwa maagizo yake halisi. Yaani wakati huo ilikuwa inaingia kwenye mashine! Ikaja ALGOL 60, hiyo ni lugha kamili ya programu, lakini miaka na miaka watu waliitumia kwenye majarida kuandikiana algorithimu wasome wenyewe kwa wenyewe. Na Python alioitoa Guido van Rossum mwaka 1991, watu wengi wanaisifu kwa kusema ni sudokodi inayotembea. Mpaka unahama kila zama, kwa hiyo ukimkatia mtoto alama kwa sababu ya mpaka huo ujue unamkatia kwa ada ya leo.

Na wala sisemi kwamba ukishaandika sudokodi nzuri umemaliza. Hata ikiwa imenyooka kabisa kuna vitu haivioni. Mfano ile njia ya kutafuta kwa kukata nusu, kama unavyotafuta neno kwenye kamusi, unafungua katikati, neno lako liko mbele au nyuma, nusu moja unaiacha, unafungua katikati ya iliyobaki. Kwenye karatasi unaandika "katikati ni mwanzo jumlisha mwisho gawa kwa mbili" na hakuna mwalimu duniani atakaekukosoa. Mwaka 2006 mwandishi wa programu Joshua Bloch aliandika kwamba mstari huo huo, ulivyokuwa umewekwa kwenye maktaba ya Java (mkusanyiko wa programu zilizo tayari kutumika) na yeye mwenyewe akiwa ndie aliouandika, una kosa na umekaa miaka kama tisa. Kwa nini? Karatasi haina kikomo cha namba, lakini int ya Java, yaani aina yake ya namba nzima, mwisho wake ni 2147483647, ukijumlisha mwanzo na mwisho zikapita hapo namba inageuka hasi na programu inaanguka. Dawa yake ni kuandika mwanzo, ongeza nusu ya tofauti ya mwisho na mwanzo. Sudokodi haikuwa na kosa, kosa lilizaliwa kwenye kuhamisha. Mambo kama haya ndo ningependa walimu wetu wayasomeshe badala ya kupigania ENDIF.

Najua nitajibiwa kwamba mtihani lazima uwe na sheria, karatasi mia mbili mwalimu mmoja, kila mtoto akiandika kwa lahaja yake tutasahihisha vipi. Hilo nalikubali. Hao wanaotunga mitihani ya Cambridge wana mwongozo wao wa sudokodi kabisa, mshale wa kuelekea kushoto badala ya alama ya sawasawa, maneno ya amri kwa herufi kubwa, na mtoto anaefanya mtihani huo anauona kabla. Haya, hiyo ni haki. Lakini ukitaka hivyo basi andika kwenye suali, "tumia mtindo tuliousoma darasani", usiandike tu "andika sudokodi" halafu mtoto akifikiri kwa lugha anayoota nayo ndoto umwambie kaandika insha. Na ukishaweka sheria za mtindo tenga alama zake, mbili tatu, zilizobaki zisahihishe fikra. Na maneno yenye njia mbili kwa Kiswahili walimu mukae muyapange, toa tumeliona, na "mpaka kumi" hiyo kumi imo au haimo, na "na" ni zote mbili kwa pamoja au moja baada ya nyengine. Kazi ya mchana mmoja tu hiyo, kahawa na kashata nitaleta mie.

Mtoto kanambia Jumatatu anarudi chuo kuomba karatasi isahihishwe tena. "Toa" kashaifuta kaandika "onesha", na juu kabisa kaongeza mstari, kama orodha ni tupu sema hakuna kisha acha. Kaniazima na daftari la duka, ukurasa wa ile wiki ya hasara.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa simu na kompyuta,
Chake Chake, Pemba.